Kutoka Ujana hadi Utu Uzima: Historia ya Dhana Moja katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kila lugha huyagawa maisha ya binadamu kwa namna yake. Kiswahili kimeyagawa kwa maneno ambayo mzungumzaji huyapata tangu angali mdogo: mtoto, kijana, mtu mzima, mzee. Katika mfululizo huo, mpaka ulio mgumu zaidi kuuchora ni ule uliopo baina ya kijana na mtu mzima. Mtu wa miaka 25 ni kijana au ni mtu mzima? Jibu hutegemea anayeulizwa. Mama mzazi atakuwa na lake, kadhi lake, karani wa uchaguzi lake, na mwenye nyumba hatajali jibu lolote ilimradi alipwe kodi yake ya mwezi.

Saikolojia ya karne ya 20 imekitazama kipindi hiki kuwa hatua inayostahili kuchunguzwa peke yake. Mwaka 1904 G. Stanley Hall alichapisha kitabu kikubwa juu ya kipindi cha balehe. Mwaka 1950 Erik Erikson aliieleza hatua inayofuata kuwa ndiyo ambayo mtu hujifunza kujenga uhusiano wa karibu na wa kudumu, au hubaki katika upweke. Mwaka 2000 Jeffrey Arnett alipendekeza kwamba miaka kati ya 18 na 25 ihesabiwe kuwa hatua ya pekee, kwa vile katika nchi za viwanda watu wa umri huo wamekwisha kuuacha utoto lakini hawajaingia katika majukumu ya utu uzima.

Elimu ya mwili nayo imeonyesha kwamba ukuaji haukomi pale kimo kinapokoma. Ncha ya mtulinga iliyo upande wa kidari huwa miongoni mwa sehemu za mwisho za mifupa kuungana, na kwa watu wengi jambo hilo hukamilika katika miaka yao ya ishirini. Nguvu za misuli na ugumu wa mifupa hufikia kilele kati ya miaka 20 na 30 hivi. Tafiti za picha za ubongo zilizofanywa tangu miaka ya 1990 zimebainisha kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga mambo, kupima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, bila ya kuwapo siku moja ambayo kazi hiyo inaweza kusemwa kuwa imekwisha. Kwa ufupi, mwili, akili na nafasi ya mtu katika jamii ni mambo matatu yasiyokwenda kwa mwendo mmoja.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha jinsi tofauti hiyo ya mwendo ilivyoshughulikiwa katika historia ya Waswahili na lugha yao. Hoja yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza, jamii za pwani zilikuwa na desturi zilizoyafunga mambo hayo matatu katika fundo moja, na historia ya miaka mia moja na nusu iliyopita ni historia ya kufunguka kwa fundo hilo. Pili, fundo lenyewe halikufungwa kwa namna moja kwa mwanamume na kwa mwanamke, na athari ya tofauti hiyo imefika hadi katika sheria za zama zetu.

2.0 Ushahidi wa maneno

Inafaa kuanza na neno kijana. Wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wa Kibantu wenye maana ya mtoto, ambao ndio pia uliozaa neno mwana. Kwa hiyo kwa asili yake kijana ni mwana aliyetiwa kiambishi cha udogo. Kiambishi ki- kinapotiwa kwa binadamu mara nyingi huonyesha udogo, kama katika kitoto, au upungufu, kama katika kipofu na kiziwi. Si kila mara, bila shaka, maana kiongozi naye yumo katika ngeli hiyo. Hata hivyo sarufi imemtendea kijana kwa heshima: husemwa kijana huyu amefika, si kijana hiki kimefika. Umbo la neno linamweka pamoja na vitu, ilhali upatanisho unamweka pamoja na watu.

Upande wa pili kuna mtu mzima. Kivumishi -zima hutumika kwa kitu kamili kisichopungua, kama mkate mzima au siku nzima. Hutumika pia kwa uhai na afya, na ndiyo maana watu huulizana: u mzima? Mtu mzima basi ni mtu aliyetimia. Lugha haikuchagua kumwita kwa kimo chake wala kwa idadi ya miaka yake. Imemwita kwa ukamilifu wa utu wake. Ndiyo sababu mtu mwenye mvi anayefanya mambo ya kitoto huambiwa kwa dharau kuwa ni mtu mzima ovyo. Mvi anazo, lakini utimilifu hana.

Baina ya maneno hayo mawili kuna mengine ambayo mgawanyo wake unastahili kuangaliwa. Kwa wanaume kuna barobaro, shababi na ghulamu. Yote hutaja nguvu, uzuri au upya wa mwili. Kwa wanawake kuna kigoli, yaani msichana ambaye hajavunja ungo, na mwali, yaani aliyevunja ungo na ambaye zamani alitawishwa ndani akingoja kuolewa. Katika sehemu nyingi mwali ndiye pia bibi harusi mwenyewe. Baada ya hapo huwa mke, na akijaaliwa kuzaa huitwa mama fulani. Maneno ya wanaume yanaacha nafasi pana baina ya balehe na ndoa, nafasi ya kutembea, kucheza ngoma na kutafuta. Maneno ya wanawake yameiziba nafasi hiyo. Hakuna neno la kale linalolingana na barobaro ambalo humtaja mwanamke aliyekomaa bila ya kumpima kwa ndoa.

3.0 Mwili, akili na mafunzo

Neno balehe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kufika. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu hubalehe kwa dalili za mwili, na zisipoonekana huhesabiwa kuwa amebalehe atimizapo miaka 15 ya mwezi mwandamo. Tangu hapo sala na funga humlazimu. Lakini fikihi hiyohiyo haikuridhika na mwili peke yake lilipokuja suala la mali. Yatima hakukabidhiwa urithi wake kwa kubalehe tu. Ilipasa pia ionekane kwake rushdi, yaani busara ya kuendesha mambo. Tofauti baina ya ukomavu wa mwili na ukomavu wa akili, ambayo leo huelezwa kwa picha za ubongo, ilikuwa inajulikana na kutumika mbele ya makadhi kwa karne nyingi.

Sambamba na sheria ya dini kulikuwa na jando na unyago. Maelezo ya kale na marefu ya desturi hizi yaliyoandikwa kwa Kiswahili chenyewe yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Kitabu hicho kinamfuata binadamu tangu mimba hadi kaburi, na katikati ya safari hiyo kinaeleza kumbi la wavulana na mafunzo ya wasichana. Kwa wavulana alikuwapo ngariba wa kutahiri, na waliotahiriwa walikaa kumbini hadi wapone huku wakifundishwa. Kwa wasichana alikuwapo kungwi au somo, ambaye uhusiano wake na mwali haukukatika siku ya harusi bali uliendelea maisha yote.

Kitenzi kilichotumika kwa mafunzo hayo ni -funda. Kutoka hapo lugha ina funzo, fundisha, fundi na mwanafunzi. Ukoo huu wa maneno unaeleza jambo moja kuhusu akili ya mtu anayekua: haikudhaniwa kuwa itakomaa yenyewe kama mifupa. Ilipaswa kufundwa. Kijana aliyetoka kumbini hakuwa bado mtu mzima. Alianza kujifunza kazi chini ya fundi wa majahazi, seremala, mshoni au nahodha, na alijiunga na wenzake wa rika, ambao katika baadhi ya miji huitwa hirimu. Rika lilikuwa shule ya pili. Mashindano ya ngoma, na tangu miaka ya 1890 mashindano ya beni yaliyoanzia upande wa Lamu na Mombasa na kuenea hadi bara, yaliwapa vijana vyeo, hazina za kutunza na watu wa kuongoza. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na maofisa wao, michango yao na nidhamu yao. Kwa wengi huko ndiko walikojifunza kwanza kuamuru na kuamriwa na watu wasiokuwa ndugu zao.

Si vyema kuyapamba mambo haya kupita kiasi. Utafiti wa Margaret Strobel juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, umeonyesha kuwa makungwi wengi walikuwa wanawake wenye asili ya utumwa waliowafunda mabinti wa waungwana. Aliyemfikisha mwenzake katika utu uzima huenda yeye mwenyewe hakuhesabiwa na jamii hiyo kuwa mtu kamili. Fundo lilikuwapo, lakini kamba yake ilisokotwa pia kwa dhuluma.

4.0 Mabinti wawili wa miaka ya 1850

Maisha ya watu wawili yanaweza kuonyesha jinsi desturi hizo zilivyofanya kazi, na pale zilipokwama.

Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha. Mama alikuwa mgonjwa, na alifariki muda usiozidi miaka michache baadaye. Utendi huo umesomwa mara nyingi kama hati ya utiifu wa mke kwa mume, na kweli mume amepewa nafasi kubwa mno ndani yake. Lakini ukisomwa kwa jicho la mhadhara huu, ni hati ya makabidhiano. Mama anayejua kuwa hatakuwapo anamkabidhi binti yake kila kitu anachodhani kitamfaa mtu anayeanza maisha ya utu uzima: wajibu kwa Mungu na Mtume, kwa baba, mama na mume, adabu ya maneno, na namna ya kuishi na watu wa tabaka mbalimbali. Binti amekwisha kukua mwilini. Kinachomalizwa ni akili na nafasi yake katika jamii, na kinamalizwa na mama aliyekwisha kuipita njia hiyo.

Katika miaka hiyohiyo, Unguja, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa akikua kwa njia nyingine. Baba yake, Sayyid Said, alifariki mwaka 1856. Salme alikuwa na umri wa miaka 12, na alitangazwa kuwa mtu mzima mapema kuliko desturi ili apokee urithi wake, ukiwamo shamba. Mama yake naye alifariki mwaka 1859. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 15, aliingizwa katika njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka mwingine, Sultani Majid, na kwa kuwa alikuwa amejifundisha mwenyewe kuandika kwa siri, alifanywa mwandishi wa waasi. Njama ilishindwa. Mwaka 1866, akikaribia miaka 22, aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Salme alikuwa na mali ya mtu mzima akiwa na miaka 12, na madaraka ya kisiasa akiwa na miaka 15. Alichokosa ni mtu wa kumkabidhi na muda wa kukabidhiwa. Katika kumbukumbu zake alijutia baadaye sehemu yake katika ile njama. Mwana Hashima alikabidhiwa, lakini alichokabidhiwa kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ni ndoa. Hakuna kati yao aliyepewa kile ambacho barobaro wa Lamu au Bagamoyo alikipata bila ya kukiomba: miaka kadhaa ya kukosea, kusahihishwa na kurudi tena uwanjani.

5.0 Kodi, kipande na boi

Serikali za kikoloni zilileta kipimo kipya. Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki mwaka 1898. Kenya ilipitisha sheria ya uandikishaji mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande, hati iliyobeba alama za vidole na habari za waajiri wake, na ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe. Kwa kuwa wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, umri huo ulikadiriwa kwa macho. Kwa mara ya kwanza utu uzima wa mtu uliamuliwa na karani asiyemjua, kwa kumtazama mwili wake tu. Hakuuliza amefundwa na nani. Alitaka kujua kama mabega yake yanaweza kazi.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili zinazopingana. Kijana aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga au bandari ya Mombasa aliweza kujipatia mahari bila ya kumsubiri baba. Huo ulikuwa uhuru wa kweli, na wazee waliulalamikia. Lakini hapohapo mwajiri alimwita boi, neno ambalo Kiswahili kilikopa kwa maana ya mtumishi wa kiume wa nyumbani. Katika lugha lilikotoka lina maana ya mtoto wa kiume. Mwanamume aliyeoa, mwenye watoto na pengine wajukuu, aliendelea kuwa boi jikoni mwa mwingine. Mbele ya mtoza kodi alikuwa mtu mzima tangu miaka 16, na mbele ya mwajiri hakuwa mtu mzima hadi anazikwa. Fundo la mwili, akili na jamii lilifunguliwa hapa, na kila mwenye nguvu alichukua kipande alichokihitaji.

6.0 Vijana wa taifa

Harakati za uhuru zililichukua neno kijana na kulipa hadhi mpya. TANU iliundwa Julai 1954 chini ya Julius Nyerere, aliyekuwa na miaka 32, na katika miaka iliyofuata Umoja wa Vijana wa TANU ukawa mkono wake wa kazi: kulinda mikutano, kukusanya michango, kupeleka habari. Baada ya uhuru, Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Tanganyika mwaka 1963, na Kenya iliunda Huduma ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964. Katika kambi za JKT mtu anaweza kuona sura ya kumbi iliyofufuliwa kwa mahitaji ya dola: vijana wanatengwa na nyumbani, wanavishwa sawa, wanafundwa kwa nyimbo na kazi ngumu, kisha wanarudishwa wakiwa watu wa taifa.

Mgongano ulikuja Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kutumikia taifa kwa miaka miwili huku wakipata sehemu tu ya mshahara wao. Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni baadaye. Tukio hili limeelezwa mara nyingi kama ugomvi wa mishahara na usomi. Lilikuwa pia ugomvi juu ya hatua ya maisha. Waandamanaji walidai kusikilizwa kama watu wazima wanaojadili masharti ya kazi. Adhabu waliyopewa ni ya mzazi kwa mtoto: rudini nyumbani kwa baba zenu.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kubadili rangi ya ngozi. Jina la operesheni lilikuwa Vijana, lakini waliosumbuliwa zaidi ni wanawake wa mjini, wengi wao wakiwa wanaanza kujitegemea kwa kazi za mshahara. Ikadhihirika kuwa neno kijana, hata lilipokuwa neno la taifa zima, liliendelea kumaanisha mwanamume kwanza. Mwanamke wa umri huohuo alikuwa mtu wa kulindwa na kukaguliwa.

7.0 Miaka 15 na miaka 35

Tofauti hiyo iliandikwa katika sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu mwanamume kuoa akiwa na miaka 18 na mwanamke kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na mahakama iliweza kushusha umri huo hadi miaka 14. Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ilitamka kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Msichana mmoja aliweza basi kuwa mtoto kwa sheria moja na mke kwa sheria nyingine siku hiyohiyo. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vya ndoa vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo.

Upande mwingine, sera zimeuvuta ujana mbele. Mkataba wa Vijana wa Afrika uliopitishwa Banjul mwaka 2006 unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sera ya Tanzania ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 iliweka umri huohuo, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua kijana kuwa aliyefikia miaka 18 na ambaye hajafikia 35. Katika sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyohesabu watu milioni 61.7, walio na umri wa miaka 15 hadi 35 walikuwa zaidi ya theluthi moja. Sababu za kuuvuta ujana namna hiyo zinaeleweka: masomo yamerefuka, ajira ni adimu, nyumba na mahari ni ghali. Sera hizo zilikusudia kumsaidia aliyechelewa. Lakini jina nalo hufanya kazi yake. Mtu wa miaka 33 mwenye watoto wawili akiitwa kijana katika mkutano wa kijiji, hukumbushwa kwa neno hilohilo kuwa zamu yake ya kusema bado.

Vijana wenyewe wamejibu kwa lugha. Mitaa ya Dar es Salaam imetoa msela, neno lililotokana na baharia wa Kiingereza, mtu asiyefungwa na bandari moja. Imetoa kijiwe, mahali pa kukaa na kupanga maisha kazi inapokosekana. Jiji lenyewe, na baadaye nchi, limeitwa Bongo, kwa kuwa mtu haishi humo ila kwa kutumia ubongo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kizazi kilichocheleweshwa mlangoni pa utu uzima kimejisifia akili kabla ya kitu kingine chochote.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haiwezi kutumiwa kudai kwamba zamani palikuwa pema. Zamani palikuwa na watumwa waliofunda waungwana, na wali waliotoka chumba kimoja kuingia kingine. Wala haiwezi kudaiwa kuwa tarakimu hazina faida. Umri wa miaka 18 ni ngao kwa msichana ambaye mwili wake umetangulia akili na hiari yake, na elimu ya leo ya mifupa na ubongo inaipa ngao hiyo nguvu zaidi.

Kinachoonekana ni kuwa tarakimu hujibu swali la lini, na jamii za pwani zilikuwa zikiuliza pia maswali mengine: amefundwa na nani, na amekabidhiwa nini? Dola ya kikoloni iliyaacha maswali hayo kwa kuwa ilitaka mabega. Dola huru iliyachukua, lakini ikawafunda vijana zaidi ya ilivyowakabidhi. Kuongeza miaka ya ujana hadi 35 kumeahirisha swali la makabidhiano bila ya kulijibu.

Wataalamu wa istilahi wamependekeza utu uzima wa awali kwa ajili ya kipindi hiki. Istilahi hiyo ni ndefu, na huenda haitatoka vitabuni. Hata hivyo ina sifa moja ambayo neno kijana halina: inamhesabu mtu wa miaka 22, awe mwanamume au mwanamke, kuwa amekwisha kuingia ndani ya nyumba ya watu wazima, ingawa bado yumo katika chumba chake cha kwanza. Ujana ni moshi, husema wahenga, ukienda haurudi. Wahenga hao walichukulia kuwa ujana huenda. Kwa kizazi kinachosubiri ardhi, kazi na kauli, wajibu wa wanaokabidhi ni kuhakikisha kwamba unapokwenda, unamwacha mtu mzima nyuma yake.